Kiini, Damu na Chakula cha Heroe: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Miongoni mwa istilahi za biolojia zinazohitaji kupimwa upya ni "seli zenye kiini" na "seli zisizo na kiini", zitumiwazo kutenga makundi mawili makuu ya seli. Jozi hii ni nyepesi kutamka na Kiswahili chake ni safi. Lakini istilahi haina budi kupimwa pia kwa ukweli wa jambo inalolitaja.

Tuchukue mfano wa Singida. Katika maziwa ya chumvi ya Singida na Kindai, yaliyopo mjini humo, huonekana heroe wadogo. Chakula kikuu cha ndege hao ni viumbe wadogo mno ambao kwa mazoea huitwa mwani wa kijani-buluu. Kwa hakika viumbe hao ni bakteria: vinasaba vyao vimo katika saitoplazimu bila utando wa kuvizingira, wala hawana mitokondria. Mwani halisi, sawa na mtama, heroe na binadamu, una kiini kilichozingirwa na utando.

Hadi hapo jozi yetu yaelekea kufaa. Taabu huanza tufikapo kwenye damu. Seli nyekundu za damu ya heroe, kama za ndege wengine, zina kiini. Zetu binadamu hupoteza kiini zinapokomaa. Je, mwanafunzi aiweke wapi seli ya damu yake mwenyewe? Akiifuata istilahi neno kwa neno, ataiweka kundi moja na chakula cha heroe. Atakosa alama kwa sababu ya utiifu wake, na lawama itakuwa yetu sisi wasanifu.

Mfaransa Édouard Chatton, aliyeyatumia majina ya makundi haya mwaka 1925, aliyajenga juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya kokwa. Hata hivyo, leo majina hayo hutaja aina ya kiumbe na muundo wake mzima, wala si hali ya seli moja moja. Kwa hiyo twapendekeza "prokarioti" na "yukarioti". Habari za kiini zibaki katika fasili. Aidha, "mwani wa kijani-buluu" iachie nafasi "sianobakteria".

Yatasemwa kwamba twakaribisha ugeni. Jibu letu ni kwamba neno la kukopa hufafanuliwa mara moja likaeleweka, bali neno lenyeji linalopotosha humlazimu mwalimu kulisahihisha kila mwaka.