Mkono Unaopima Sauti

Ukipita kwenye hospitali za misheni za zamani, zile zilizojengwa mbali na lami, utaikuta bado milingoti miwili imesimama, mmoja nyuma ya wodi na mwingine kando ya mikaratusi. Waya uliokuwa ukiiunganisha umekatwa siku nyingi. Mlingoti mmoja umefungwa dishi la televisheni, mwingine unafungiwa kamba ya kuanikia nguo, na watoto wanaocheza chini yake hawajui ilisimikwa kwa kazi gani. Ilibeba antena ya redio koli. Kabla minara ya simu za mkononi haijafika, simu hiyo ya upepo ndiyo iliyotegemewa na wilaya nzima: daktari alipoomba dawa, padri alipotangaza msiba, dereva aliyekwama mtoni alipotaka ijulikane kwamba yu hai.

Nimekua nikiisikia. Kila asubuhi sista mkuu wa zahanati ya kwetu alikaa mbele ya sanduku lile, akavaa miwani, akangoja zamu yake. Madaktari wa ndege wa Nairobi, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1957 na sisi tukalijua kwa jina la AMREF, waliziita hospitali moja baada ya nyingine, na kila moja ikaitikia kwa jina lake. Sauti ilikuja ikipanda na kushuka. Masafa yakiwa hayajalingana sawasawa, ilitoka nyembamba kama ya bata. Ndipo sista alipokishika kitufe kidogo, akakizungusha kwa ncha za vidole viwili, polepole, hadi bata akawa mtu, na mtu huyo akawa daktari tunayemjua. Sisi watoto tuliokuwa dirishani tulitambua kuwa vidole vile vina elimu yake. Kijana aliyemsaidia alikigusa kitufe hicho hicho, akakipita, akakirudia, akakipita tena, na huko Nairobi wakawa wanangoja.

Redio nyingi za namna ile ziliandikwa Codan. Zilitoka Adelaide, Australia Kusini, kwenye kampuni iliyoanzishwa mwaka 1959, na zilistahimili vumbi, betri za gari na radi za masika. Kisha zikaja simu za mkononi. Zilikuja na neema, sikatai, mama mjamzito haambiwi tena asubiri saa mbili asubuhi ndipo aombewe gari. Lakini tulizipokea kwa pupa. Redio zikaingizwa stoo zikiwa nzima, na wale waliojua kuzisemesha wakastaafu bila mtu kuwauliza neno.

Mmoja wao yuko Moshi. Alikuwa Posta na Simu, akazeeka na nyaya, na leo ana leseni ya redio ya ridhaa. Jina lake la hewani linaanza na 5H kama la kila mwenzake wa Tanzania. Redio anayoitumia ni Codan aliyoiokoa ilipokuwa ikienda kuuzwa chuma chakavu. Pembeni yake ameweka kompyuta ya mitumba yenye programu iitwayo FreeDV. Kazi aliyojipa uzeeni ni kuifanya redio ile ya zamani iseme kidijitali, sauti yake igeuzwe tarakimu, irushwe kwenye mawimbi mafupi, na iokotwe upande wa pili wa dunia bila mnara, bila intaneti na bila bando.

Kilichonivuta kwanza ni kwamba programu ile nayo ina mizizi Adelaide. David Rowe, mhandisi wa huko na mwanaredio wa ridhaa, aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1997 kuhusu namna ya kuieleza sauti ya mtu kwa tarakimu chache. Miaka iliyofuata wanaredio wakaanza kuingia kwenye sauti ya kidijitali. Wajapani walileta D-STAR. Ulaya ikatoa kanuni za DMR mwaka 2005, zilizokusudiwa makampuni na walinzi lakini wanaredio wakazipenda. Zote mbili zilitegemea namna ya kubana sauti iliyo mali ya kampuni moja ya Marekani. Ilikuja imefungwa ndani ya chipu. Uliweza kuinunua, hukuweza kuifungua. Kwa jamii ya watu waliojifunza kila kitu kwa kukifungua, huo ulikuwa msiba. Rowe akarudi kwenye tasnifu yake, na mwaka 2010 akaitoa bure Codec 2, namna yake mwenyewe ya kubana sauti ambayo FreeDV imejengwa juu yake, kila mstari wake wazi kwa anayetaka kuusoma.

Mzee wa Moshi anapenda kusimulia jambo hili kwa lugha ya kazi yake ya zamani. Posta na Simu walipoingia kwenye mitambo ya tarakimu, simu moja ya mezani ilihitaji tarakimu 64,000 kwa sekunde. Moja ya namna za Codec 2 inatumia 700. Chini ya sehemu moja ya tisini! Kompyuta haipeleki sauti yenyewe. Inapeleka maelezo yake: inapanda au inashuka, ina nguvu kiasi gani, kinywa kimeumbwaje wakati huo, ni irabu au ni mkwaruzo wa konsonanti. Upande wa pili, kompyuta nyingine inasoma maelezo hayo na kuitengeneza sauti upya. Inatoka kavu, imepungukiwa na pumzi, lakini inaeleweka, na nyuma yake kuna ukimya ambao redio koli haikuwahi kuwa nao.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo niliyotaka kuisifu.

Mtu angedhani ni suala la kuunganisha waya mmoja kati ya kompyuta na redio. Ukifanya hivyo, mvumo wa umeme wa nyumbani utaingia kwenye waya huo na kila utakachorusha kitakuwa na ngurumo chini yake. Mzee ana transfoma ndogo mbili za laini ya simu, zile za kitambo, zilizotolewa kwenye mitambo iliyofutwa. Moja inapitisha sauti kwenda redioni, nyingine inairudisha kompyutani, na hakuna shaba inayogusana kati ya pande mbili. Transfoma zile zilibeba maongezi ya watu wa Moshi na Arusha kabla sijazaliwa. Alizisafisha kwa brashi ya meno, akazipima, akazifungia ndani ya kopo la chai la bati lililounganishwa na ardhi. Nimeviona viunganishi vya dukani vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Ni vizuri, na havina historia.

Antena yake ni waya wa kawaida, mita 5 kila upande, umevutwa kutoka kwenye mgrevilea hadi paa la jikoni. Urefu huo unalingana na masafa ya megahetzi 14.236, mahali ambapo watu wa FreeDV duniani kote wamezoea kukutana.

Kisha anaanza kuondoa. Anazima kibana sauti cha redio. Anazima kichujio cha makelele. Anazima kila pambo ambalo watengenezaji waliliweka ili sauti ya mwanadamu ipendeze, kwa sababu kinachopita sasa ni tarakimu zilizosukwa katika mawimbi membamba yanayokwenda sambamba, na pambo lolote linazivuruga. Ukiusikiliza mchanganyiko huo kabla kompyuta haijaufasiri, ni mvumo mkavu usio na neno ndani yake. Wote pamoja unachukua takriban hetzi 1,000, hata nusu ya nafasi ya sauti ya redio koli haufiki.

Halafu kipimo. Hapa ndipo nilipomwona fundi.

Redio ina uwezo wa wati 100. Kijana yeyote angesukuma hadi mwisho, maana tumezoea kuamini kwamba anayetaka kusikika mbali apige kelele zaidi. Mawimbi haya yana vilele virefu vinavyopita mbali wastani wake, na vilele hivyo vikikatwa, ujumbe unaharibika na takataka zake zinamwagikia majirani wa masafa. Kwa hiyo anaishusha hadi mita ya nguvu inaonyesha wati 20 tu za wastani. Anautazama pia mshale unaoonyesha kama redio imeanza kujizuia yenyewe. Mshale huo usitikisike. Anapandisha sauti ya kompyuta kidogo, anautazama. Mshale unastuka, anarudi nyuma nywele moja. Anavaa hedifoni, anasikiliza rekodi ya alichorusha, anavua, anarudi nyuma tena. Nilimwuliza kwa nini asiache pale, mbona kompyuta imeridhika.

"Mwanangu," akasema, "kompyuta haina jirani."

Alitumia jioni nzima kwa jambo hilo moja, na sijaona saa zilizotumika vizuri zaidi ya zile. Mkono wake ulikuwa na utulivu ule ule wa sista wa zahanati, ingawa wao wawili hawakuwahi kuonana.

Pale karibu na Ikweta kazi ina ugumu wake wa ziada. Jua likizama, tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi duniani hufanya misukosuko, na sauti iliyokuwa imara inaanza kutetemeka. Kwenye redio koli ya kawaida uliweza kuifuata ikizama, ukamshika mtu kwa silabi mbili tatu, ukakisia iliyobaki; sikio lilijifunza kuvumilia. Sauti ya kidijitali haikupi nafasi hiyo. Ipo, kisha haipo. Hukumu hiyo inakatwa kabla, katika urefu wa waya, katika kopo la bati, katika mshale usiotikisika. Aliyelegea wakati wa kutayarisha hawezi kujikomboa wakati wa kuongea, na ndiyo sababu nasema ustadi huu haukupungua kwa kuja kwa tarakimu. Umehamia mahali ambapo hauonekani. Hata RADE, namna mpya ya FreeDV iliyotoka mwaka 2024 na ambayo mtandao wa neva bandia ndio unaoisuka sauti ikakaribia kuwa ya mtu kabisa, haikumwondolea mtu kazi ya kupima.

Mjini nimeona mambo mengine. Vijana wananunua redio ya mkononi ya DMR na kijisanduku cha kuwekwa mezani kinachorusha kwa nguvu ya miliwati 10, yaani kutoka sebuleni hadi chumbani, halafu intaneti inafanya safari yote iliyobaki. DMR yenyewe ina akili ya kupendeza: wasemaji wawili wanagawana masafa yale yale, kila mmoja akipewa milisekunde 30 kwa zamu, kwa kasi ambayo sikio halitambui. Kuijaza redio hiyo orodha ya chaneli, namba yako, zamu yako na kundi unalotaka kuongea nalo ni kazi ya mtu makini, na anayeijaza kwa mkono wake anaijua redio yake. Wengi hawajazi. Wanaomba faili la mtu mwingine, lenye mamia ya chaneli za miji ambayo hawatafika, wanalimimina kama lilivyo, wanabonyeza na kuanza kuongea juu ya maneno ya mwenzao. Bando likiisha, redio ni bubu. Kisha wanasema redio ya ridhaa haina maana, simu inatosha. Kwa walivyoitumia, ni kweli.

Na hewa yenyewe tumeichafua. Chaja za bei rahisi, taa za LED zisizo na kichujio, inveta za sola zilizofungwa haraka haraka, kila kimoja kinatoa mkwaruzo wake kwenye mawimbi mafupi. Kijiji ambacho zamani kiliisikia Nairobi kwa redio ya betri ya gari sasa kinasikia mvumo wa chaja zake chenyewe. Mzee anazima fyuzi moja baada ya nyingine nyumbani kwake kutafuta mwizi ni nani. Akimpata, anamvisha pete ya feriti kwenye waya wake. Kwa majirani hawezi kuingia, na wao hawajui kwamba wanafunika chochote.

Usiku nilipokuwa naye, mtu wa Ulaya aliitikia. Maneno yalikuwa machache: majina ya hewani, hali ya mawimbi, shukrani. Nilichokisikia mimi ni mstaafu wa Moshi akieleweka kwa wati 20, kwa redio iliyokwisha kuhukumiwa kuwa taka, na jirani zake wa masafa wakiwa wamelala kwa amani.

Ninyi mnaotunza stoo za misheni, za hifadhi za wanyama na za ofisi za wilaya, fungueni milango. Msiwauzie wanunuzi wa vyuma redio ambayo haijapimwa na mtu anayeijua. Walimu wa VETA na shule za ufundi, leseni ya redio ya ridhaa inatolewa na TCRA, na kule Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Codec 2 na FreeDV hazina bei. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kijana mahali pa kusimamisha mkono. Watu hao bado wapo, na ninaowajua mimi wote wamepita miaka sabini.