Mfumo Mpya na Wimbo wa Zamani

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu anayekimbilia vazi jipya au rafiki mpya, lakini katika miaka ya karibuni imekuja kuwahusu watu ambao walioitunga hawakuwafikiria, yaani watayarishaji wa muziki wanaofanya kazi yao kwa kompyuta. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la mafundi peke yao: ni wakati gani unaofaa kubadili mfumo endeshi wa kompyuta inayotengenezea muziki? Tunaliingiza swali hili katika mazungumzo ya utamaduni kwa sababu sehemu kubwa ya muziki unaosikika leo katika miji yetu, uwe wa kizazi kipya, wa kwaya au wa taarabu ya siku hizi, haumo tena katika utepe. Umo ndani ya diski za kompyuta za watu binafsi, na uhai wake unategemea maamuzi ya watu hao.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kazi zote za kompyuta. Juu yake hukaa programu ya kurekodia, kama vile Cubase, Logic, Pro Tools au FL Studio. Ndani ya programu hiyo huchomekwa programu ndogo ndogo zinazotoa sauti za kinanda na ngoma, au zinazotia mwangwi katika sauti ya mwimbaji. Kisha kuna kiendeshi, ambacho ndicho mkalimani baina ya kompyuta na kifaa cha kuingizia sauti. Vitu hivi vinne aghalabu hutengenezwa na watu mbalimbali, kila mmoja akifuata ratiba yake. Mwenye mfumo endeshi akitoa toleo jipya leo, mwenye kiendeshi huenda akachukua miezi kadhaa kulifuata, na mwenye programu ndogo aliyekwisha kufunga duka hatalifuata kamwe.

Madhara ya kutoelewana huko husikika kwa masikio. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Tukirekodi kwa sampuli 44,100 katika kila sekunde, fungu la sampuli 256 huchukua karibu milisekunde 6, muda ambao wapigaji wengi hawausikii. Kiendeshi kisipopatana na mfumo mpya, sauti hukatikakatika, na mtayarishaji hulazimika kuongeza fungu hadi sampuli 2,048, yaani milisekunde 46. Hapo mpiga gitaa husikia mlio ukija nyuma ya vidole vyake, na mtu aliyekuja studio akiwa na mapigo thabiti huanza kuyumba kama asiyejua kazi. Tumepata kusikia wapigaji wakilaumiwa kwa kosa ambalo kwa hakika lilikuwa la mashine.

Mfano ulio dhahiri wa jambo hili ni ule wa Oktoba 2019, kampuni ya Apple ilipotoa toleo la macOS lililoitwa Catalina. Toleo hilo lilikataa kabisa programu za biti 32. Apple haikukosa hoja: programu ya namna hiyo haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi takriban gigabaiti 4, na maktaba moja tu ya sauti za piano yaweza kupita kiasi hicho. Wala haikuwa ghafla, maana watumiaji walianza kuonywa tangu mwaka 2018. Hata hivyo waliobadili siku za mwanzo bila kukagua walikuta nyimbo zao zikifunguka na nafasi tupu mahali palipokuwa na vyombo. Programu ndogo za zamani zilikuwa bado zimo diskini, lakini zilikuwa bubu. Mwaka uliofuata, Novemba 2020, kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza kompyuta zenye kichakataji chake yenyewe, na watengenezaji wakaanza tena safari ya kufuata.

Kutokana na mambo kama haya kumezuka kundi la watayarishaji wanaoshikilia kwamba kompyuta ya studio isiguswe maadamu inafanya kazi. Msimamo huu tunauheshimu, wala hatuoni kuwa ni ushamba. Lakini hauwezi kutetewa bila mipaka. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Na mashine isiyopokea marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Hujibiwa kwamba kompyuta ya studio haiungwi na intaneti. Yamkini ni kweli kwa studio kubwa. Katika studio ndogo za mitaani kompyuta ile ile inayorekodi ndiyo inayotuma wimbo redioni, na kila msanii huingia na flashi yake mfukoni, iliyokwisha kupita katika kompyuta kumi nyingine. Isitoshe, Windows 11 hudai vichakataji vya miaka ya karibuni, hivi kwamba kwa wengi kubadili mfumo maana yake ni kununua kompyuta nyingine. Wapo pia, na tuseme bila kuficha, wanaoogopa toleo jipya kwa sababu programu zao hazikununuliwa kwa njia ya halali. Hofu hiyo isiitwe uangalifu.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, makundi yote mawili yanalishiriki: kudhani kwamba faili la mradi ni wimbo. Faili hilo ni orodha ya maagizo tu: hapa pigwe kinanda fulani, pale paongezwe mwangwi fulani. Kinanda chenyewe kisipokuwapo, agizo halina wa kulitii. Utepe wa sumaku, kama zile zilizotumiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi bendi za dansi, una maradhi yake. Unyevu huuharibu na mashine za kuusomea zinaadimika. Lakini sauti yenyewe imo ndani yake. Mtu akipata mashine nzima ataisikia, bila kuuliza ilirekodiwa kwa programu gani.

Kwa hiyo wakati wa kubadili hauamuliwi na tarehe ya toleo jipya. Huamuliwa na hali ya kazi iliyopo mezani. Hatuoni udhuru wowote wa kubadili mfumo katikati ya albamu, hata kama tangazo la toleo jipya linavutia namna gani. Kazi ikiisha, kila mkondo wa sauti utolewe peke yake kama faili la WAV, ukianzia sekunde ya kwanza ya wimbo hata kama chombo chake kinaingia dakika ya tatu, ili mikondo yote iweze kupangwa upya katika programu yoyote. Diski nzima inakiliwe. Ndipo mfumo mpya ujaribiwe katika diski nyingine, baada ya watengenezaji wa kiendeshi na wa programu zinazotegemewa kutangaza wenyewe kwamba wako tayari. Anayefuata utaratibu huu huchelewa miezi sita au zaidi nyuma ya wengine, na hatujaona msikilizaji aliyelitambua hilo katika wimbo.

Tunakumbuka kikundi kimoja cha taarabu kilichotaka kutoa upya nyimbo zake bila sauti ya mwimbaji, ili vijana wajifunzie. Studio ilikuwa imebadili kompyuta miaka miwili nyuma. Fidla na sauti za waimbaji, zilizorekodiwa kwa kipaza sauti, zilipatikana salama. Akodiani na besi, ambazo zilipigwa kwa kinanda cha kompyuta, hazikutoa hata mlio. Ilibidi itafutwe kompyuta ya zamani, iliyokuwa imewekwa stoo chini ya magunia, ikafutwa vumbi na kuwashwa. Iliwaka. Mikondo ilitolewa usiku ule ule, mmoja baada ya mwingine, na mpiga akodiani aliketi pale akiandika jina la kila wimbo katika daftari la shule.