Kidole Kinachojua Hindi

Bonde la Rufiji lina kilimo chake: mlau. Mafuriko ya masika yanapopungua, kwenye Mei na Juni, mkulima huyafuata maji yanavyorudi mtoni na kupanda kwenye udongo mweusi yaliouacha. Unyevu uliobaki chini ndio utakaoyakuza mahindi kiangazi, mvua ikiwa imekwisha. Ila maji hayaondoki siku moja. Sehemu iliyoinuka hukauka mapema, bondeni hubaki tope kwa majuma, na matokeo yake shamba moja huwa na mahindi ya rika mbalimbali. Hapa huwezi kuvuna kwa mkupuo, wala kwa kutazama kalenda.

Mama mmoja wa upande wa Kibiti anaingia shambani umande ukiwa bado majanini, kapu mkononi. Anakwenda mstari kwa mstari. Anaanza na ndevu: zikiwa bado laini na zinang'aa, anapita bila kugusa. Zikiwa zimekauka na kuwa kahawia, lakini bado zina unyevu pale zinapoingia kwenye maganda, anasimama. Vidole vinalishika hindi kuanzia kitako, vinapanda taratibu, vinabonyeza. Ncha iliyochongoka inamwambia kwamba punje za juu hazijajaa. Anataka ncha butu.

"Usilichane, mwanangu," anasema nikitaka kuchungulia. "Ukilifungua kabla halijafika umemwita mdudu."

Akiwa na shaka, hapo tu, hutenga uzi mwembamba wa ganda na kuchoma punje moja kwa ukucha. Yakitoka maji matupu, bado. Yakitoka maziwa, ni la leo. Ukucha ukikutana na kitu kizito cha unga, hilo limeshapita kuchomwa, analiacha likomae. Kisha anavunja: mkono wa kushoto unashika bua, wa kulia unakandamiza hindi chini na kulizungusha, tak! Bua halitikisiki. Yaliyovunjwa yanakwenda barabarani asubuhi hiyohiyo, kwa sababu hindi bichi likishatengana na bua sukari yake huanza kugeuka wanga.

Yanayobaki ndiyo yanayotaka moyo. Nguruwe pori na ngedere nao wanajua msimu, kwa hiyo mwenye shamba hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akigonga debe usiku. Wengi huvuna mapema kwa kuchoshwa na ulinzi huo, na siwalaumu. Yeye anangoja hadi majani yageuke rangi ya nyasi kavu, maganda yaparuze, na mahindi yainamishe vichwa ili mvua ya bahati mbaya isiingie ndani.

Hata hapo hukagua. Anapukuchua punje chache za katikati, anakwangua kitako cha mojawapo, anatafuta kovu jeusi. Kovu likionekana, mmea umeacha kuilisha punje. Haitaongezeka uzito tena, kilichobaki ni kupoteza maji. Nayo maji bado ni mengi, karibu asilimia 30, wakati ghala linataka 13 hivi. Kwa hiyo mahindi huanikwa juu ya jamvi au turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, maana ukungu wa sumukuvu hupenda punje mbichi iliyokaa chini. Anayageuza, anaonja kwa jino: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi humezwa na jino. Mwenye shaka huzitia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kuitikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, juani tena. Mahindi yasiyokauka vizuri kuwekwa ghalani ni hasara, hasa tangu dumuzi, mdudu kutoka Amerika, alipoonekana Tabora miaka ya 1980 ikianza.

Basi ukisimama Kibiti au Ikwiriri kununua mahindi mabichi, usichane maganda ya hindi moja baada ya jingine kisha ukayaacha mezani. Mwambie muuzaji unataka la kuchoma au la kuchemsha, umwache achague kwa mkono wake.