Mlonge, panya na ini la abiria

Ukipanda gari la Mbinga kwenda Mbamba Bay, kabla halijaanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa, usishangae akiingia mtu na mkoba wa unga wa mlonge. "Unasafisha ini, wanasayansi wamethibitisha!" Safari iliyopita nikamuuliza: wanasayansi gani? Akacheka. "Dada, msomi ni wewe. Kasome." Mama niliyekaa naye alikuwa ameshanunua pakiti mbili, za kaka yake ambaye macho yamekuwa ya manjano wiki ya pili sasa.

Basi nimesoma. Na yule kijana hakudanganya kabisa. Mwaka 2008 Fakurazi na wenzake, watafiti wa Malaysia, waliwapa panya dondoo ya mlonge, miligramu 200 au 800 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 14. Kisha wakawapa parasetamo nyingi kwa mkupuo, gramu 3 kwa kilo. Ini likivunja parasetamo, sehemu yake hugeuka sumu. Kwa kawaida sumu hiyo hudakwa na glutathayoni, antioksidanti ambayo ini hujitengenezea lenyewe. Parasetamo ikizidi, glutathayoni inaisha na seli zinaanza kufa. Kwa panya wa mlonge, glutathayoni ilirudi, na vimeng'enya vya ini vinavyovujia kwenye damu vikapungua. Walilinganisha pia na silimarini, dawa itokanayo na mmea iliyozoeleka kwenye majaribio ya ini. Hapo nawapa maksi zao. Tafiti nyingi za mimea yetu huishia kwenye chupa: unachanganya dondoo na rangi ya maabara, rangi ikififia unaandika "antioksidanti kali". Chupa haina ini, jamani.

Lakini rudi kwenye zile siku 14. Zilikuwa *kabla* ya sumu. Panya walikingwa, hawakutibiwa. Kijana wa kwenye gari anauza kusafisha ini lililokwisha kuumia, jambo ambalo jaribio hili halikulipima. Na hiyo sumu yenyewe: gramu 3 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60, ni vidonge 360 vya parasetamo. Hata ukigawanya kwa 6, kama inavyofanywa kipimo cha panya kinapohamishiwa kwa binadamu, bado ni vidonge 60 kwa mkupuo. Nani huku kwetu ameumwa ini kwa namna hiyo?

Kinachoumiza ini la mtu wa kawaida ni kirusi cha homa ya ini B, pombe, na sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kirusi cha homa ya ini B, kwa sehemu kubwa, hakiui seli chenyewe; kinga ya mwili ndiyo inazishambulia seli zilizoambukizwa, miaka na miaka. Ukiongeza glutathayoni, kirusi kiko palepale. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, huenda hujawahi kuipata.

Yule mama nilimwambia mlonge ni mboga nzuri, ampikie tu kaka yake, ila manjano ya wiki mbili yanataka kipimo cha damu, na asingoje unga uishe. Akaniuliza gari la kwanza kurudi Mbinga linaondoka saa ngapi.