Kidani cha Jiwe na Mkono wa Mtoaji

Zawadi hupimwa kwa mizani mbili. Watu wengine hutazama bei, na wengine hutazama mkono ulioifanya. Mizani ya kwanza ni rahisi kushika, kwa kuwa bei ni hesabu, na hesabu haina haja ya macho. Mizani ya pili yataka macho, akili na subira. Nakuomba, msomaji, tuishike hii ya pili pamoja, tupime kitu kidogo ambacho kijana yeyote aweza kukifanya: kidani cha jiwe lililong'arishwa, kilichotiwa uzi, akapewa mama, dada au rafiki.

Hukumu na ianze katika jiwe lenyewe. Mawe yana tabia mbalimbali kama watu walivyo na tabia mbalimbali. Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, aliyapanga madini katika ngazi kumi za ugumu. Ngazi ya 1 ni talki, ambayo hukwaruzwa kwa ukucha. Ngazi ya 10 ni almasi. Akiki iko katika ngazi ya 7, na kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Jiwe la Tabaka, katika nchi ya Kisii, ni laini. Kwa hiyo mchongaji hulikata kwa kisu, akalisugua kwa msasa na maji, akalipaka nta, likang'aa. Akiki haikubali hayo. Huzungushwa ndani ya pipa dogo pamoja na maji na mchanga mkali, kwanza wenye chembe kubwa, kisha wenye chembe ndogo, na mwisho unga wa kung'arishia. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, na hakuna njia ya mkato.

Basi swali la kwanza la mhakiki ni hili: je, mfanyaji amelijua jiwe lake? Aliyelifanya jiwe la Kisii kuwa jani jembamba lenye ncha kali amelionea, kwa maana litavunjika siku ya kwanza litakapogonga meza. Jiwe laini lataka umbo nene, lenye kingo za mviringo. Jiwe gumu laweza kuvumilia wembamba, lakini huadhibu haraka. Tundu lake hutobolewa kwa keekee yenye ncha ya almasi, polepole, jiwe likiwa ndani ya maji ili lisipate moto, na ni vema kutoboa pande zote mbili mpaka matundu yakutane katikati. La sivyo upande wa nyuma hubanduka. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo huonekana kwa macho.

Swali la pili ni hili: je, mapambo yanalitumikia jiwe, au jiwe linayatumikia mapambo? Kosa lililo la kawaida sana ni waya. Mfanyaji hulizungushia jiwe waya mara kumi, akaupinda huku na huku, mpaka mtazamaji asione jiwe bali kifungo cha jiwe. Kosa la pili ni rangi na vanishi juu ya jiwe ambalo tayari lilikuwa na mishipa yake mizuri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; lakini huyu amefanya kinyume chake, ameuficha uzuri wa ndani kwa mkakasi wa nje. Kosa la tatu ni gundi. Mtu aogopaye kutoboa hubandika pete ndogo juu ya jiwe laini kama kioo, asilikwaruze kwanza mahali pa kubandikia ili gundi ipate pa kushika. Baada ya siku chache jiwe huanguka njiani, na aliyepewa hubaki na uzi mtupu shingoni.

Hapa pana jambo zito kuliko yote niliyokwisha kusema. Tumezoea kusema kwamba kitu kilichofanywa kwa mkono husamehewa kasoro zake, kwa kuwa kimefanywa kwa upendo. Sikubali. Mnunuzi asiyependezwa na kidani dukani hukirudisha mahali pake akaenda zake. Mama hana uhuru huo. Atakivaa kidani cha mwanawe hata kikimkwaruza shingo, hata kikimwelemea, hata uzi wake ukitia rangi nguo yake, kwa sababu kukivua ni kumvunja mtoto moyo. Kwa hiyo apewaye zawadi ya mkono huwa hana wa kumlalamikia. Mtu wa namna hiyo hastahili kazi mbovu. Astahili kazi bora kuliko ya dukani. Upendo ni sababu ya kuongeza bidii, wala si udhuru wa kuipunguza.

Usidhani kwamba ninakudai mambo mageni. Karibu na Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, wafugaji wa kale walijenga makaburi ya pamoja kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Wataalamu waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2018 walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa hapo, wanaume na wanawake, wazee na watoto. Karibu wote waliofukuliwa walikuwa na mapambo yao, na miongoni mwa mapambo hayo mlikuwa na vidani na hereni za mawe. Watu wale hawakuwa na chuma, lakini waliyachagua mawe, wakayalainisha, wakayatoboa. Wala haikuonekana kwamba mapambo yalikuwa haki ya wakubwa peke yao. Mtu mzima na mtoto mdogo wote walipambwa.

Habari hiyo yatosha kumjibu yule asemaye kwamba jiwe lisilo na bei halina thamani. Thamani ya mawe yale haikuwa kumtenga tajiri na maskini. Ilikuwa kuonyesha kwamba kila shingo ilikuwa na mtu wa kuikumbuka. Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza kwamba moyo peke yake hautoboi jiwe. Wahitaji mkono uliofunzwa.

Basi ukitaka kumpa mtu kidani, msomaji wangu, mfikirie kwanza yeye. Je, hufanya kazi shambani, akainama kutwa? Mpe jiwe dogo na uzi mfupi. Je, ana mtoto mchanga mgongoni au kifuani? Usimpe kitu chenye ncha. Kisha livae jiwe hilo wewe mwenyewe siku tatu. Likikuudhi, lirudishe kwenye msasa. Lisipokuudhi, lifunge vizuri, umpelekee mwenyewe, wala usimwambie lilikuchukua siku ngapi.