Fundi Miguu

Hagusi spana kabla hajaligusa gari kwa viganja. Husimama kwenye pembe ya mbele ya kushoto, huiegemea boneti kwa uzito wake wote mpaka gari lizame, kisha huachia ghafla. Macho yake wakati huo hayako kwenye gari. Yako chini, kwenye udongo mwekundu wa gereji, maana anasikiliza. Gari likipanda na kutulia palepale, hasemi neno. Likipanda, likashuka, likapanda tena, hutamka "mbili" kwa sauti ya chini, kama karani anayehesabu magunia ya kahawa, kisha huhamia pembe ya pili. Akimaliza zote nne ndipo humgeukia mwenye gari na kumuuliza swali ambalo sijamsikia fundi mwingine akilianza nalo: "Gari hili linashinda wapi?"

Wapo mafundi wa injini, wa umeme, wa rangi, wa kunyoosha bodi. Huyu ni fundi miguu. Kiswahili cha gereji kimeliita vizuri jambo hili: shokapu, springi, bushi, bolijointi na stabilaiza, vyote kwa pamoja ni miguu, na gari likianza kupiga kelele chini tunasema linagonga miguu. Injini ina wa kuisifu. Kila kijana wa Bukoba anajua ya kwake ina cc ngapi. Miguu haina msifiaji, kwa sababu ikifanya kazi yake sawasawa abiria hupitiwa na usingizi. Nataka kuisifu kazi hii, hasa ile sehemu yake ngumu kuliko kufungua nati iliyoshika kutu, yaani kuchagua.

Nilifika kwake nikiwa nimeshaharibu. Gari langu ni Subaru Impreza. Mara mbili kwa mwaka navuka mpaka wa Mutukula kwenda kushindana upande wa Uganda, katika mbio za siku moja za mzunguko wa vumbi, ambako watu wa kawaida huja na magari wanayoendea kazini. Siku nyingine zote linashinda kati ya Bukoba na Muleba: lami, lakini yenye rasta na matuta penye shule na masoko, kisha kifusi mpaka mwaloni, ninakoliacha na kupanda mtumbwi kwenda nyumbani Bumbire. Kwa kutaka lionekane la mashindano, nililipeleka gereji moja wakanikatia springi. Likashuka, likapendeza. Wiki ya pili, kwenye kona ya kifusi, mahali barabara ilipokunjamana kama bati, gurudumu la nyuma likaanza kurukaruka badala ya kuviringika. Usukani ukawa mwepesi mkononi, wepesi ule wa kutisha wa kitu kisichoshika popote, na gari likaniingiza kwenye shamba la migomba. Mgomba mmoja ulikatika. Mwenye shamba, mama wa makamo, alinipa pole kwanza, ndipo akaniuliza habari ya mgomba wake.

Fundi alipoinua gari kwa jeki, springi ya nyuma ilicheza kwenye kitako chake kama jino la mtoto wa miaka sita. "Mwanangu, hii imekatwa," alisema, akaokota kijiti akanipigia hesabu mchangani. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mzunguko mmoja na nusu, licha ya kuwa fupi inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi nzima, maana chuma kilichobaki cha kujikunja ni kidogo. Shokapu iliyotengenezwa kuituliza springi ya kwanza haiwezi kuituliza hii. Na kwa kuwa gari limeshushwa, shokapu haina pa kwenda. Tuta dogo tu na tayari imegonga raba ya mwisho. Ikishafika hapo gari halina springi tena, lina chuma juu ya chuma. Nilikuwa nimenunua ugumu nikidhani ni uimara.

Kisha akachukua shokapu kuukuu, akaisimamisha juu ya tofali, akaniambia niisukume taratibu. Ikazama kama kidole kwenye ndizi mbivu. "Sasa kwa nguvu." Nikaisukuma kwa ghafla ikanigomea, nikahisi mpaka begani. "Ivute." Kuivuta kulikuwa kugumu kuliko kuisukuma. Ndani mna mafuta, na mafuta hayo yana vitundu vidogo vya kupitia. Ukiyasukuma polepole yanapita mojamoja. Ukiyaharakisha yanasongamana mlangoni. Na kule kurudi kumefanywa kugumu kwa makusudi. Gurudumu likikutana na jiwe liachwe lipande, ila springi ikitaka kujirusha baada ya hapo, ishikwe.

Nilicheka, maana jambo hilo nilikuwa nalijua tangu utoto, tena si kwa gari. Sisi wa kisiwani tulijua kasia kabla ya kujua tairi. Ukilizamisha kasia na kulivuta polepole, ziwa halina habari nawe. Ukilivuta kwa nguvu, maji yanakuwa ukuta, na mtumbwi ndio unaosogea. Tulijua pia kwamba mtumbwi mtupu hurukaruka juu ya mawimbi na kuwachosha watu migongo, lakini ule ule ukipakiwa magunia ya dagaa hupanda na wimbi na kushuka nalo taratibu. Uzito, ulaini wa kinachoubeba, na ukinzani wa kitu kinachopita ndani ya kitu kingine: elimu yote ya miguu ya gari ndiyo hiyo. Nilikuwa nayo mikononi miaka yote, na bado nikaenda kukata springi.

Fundi ana mfano wake wa kila siku. Gari zuri, asema, ni kama mama aliyejitwisha ndoo ya maji akipanda mlima: miguu inahangaika, ndoo imetulia. Baadaye nilisoma habari za mhandisi Mwingereza, Maurice Olley, aliyefanya kazi General Motors miaka ya 1930, nikaona wamekutana njiani bila kujuana. Gari la starehe hupanda na kushuka mara moja na kidogo kwa sekunde, karibu sawa na hatua za mtu anayetembea polepole. La mashindano ya lami hufika mara mbili na kuzidi. Olley alifundisha pia kwamba mbele pawe laini kidogo kuliko nyuma, kwa sababu mbele ndipo panapolikuta tuta kwanza, na nyuma lazima pawahi ili mwili wote utulie pamoja. Fundi wangu analijua hilo kwa viganja.

Nasi Afrika Mashariki tuna chuo chetu wenyewe. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya mwanzo magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani. Tazama ni gari gani lililotamba: Peugeot 404, gari la familia, lililoshinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, lilikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Palikuwa na magari yenye injini kubwa kuliko 404. Lakini miguu yake ilikuwa laini na mirefu, ikiyafuata mashimo badala ya kupigana nayo, na tairi lililo ardhini ndilo pekee linaloweza kusukuma, kukata kona au kufunga breki.

Basi tukaanza kuchagua. Nilikuwa na pesa ya shokapu za kisasa, zile za kupandisha na kushusha gari kwa nyuzi, na nilitegemea afurahi. Aliniuliza nitakimbia siku ngapi kwa mwaka. Nikamwambia mbili. "Na 363 zilizobaki?" Akaniambia niiweke pesa hiyo mfukoni, kwanza ninunue matairi mazuri, kwani yangu yalikuwa yameliwa upande wa ndani tangu gari liliposhushwa. Kisha akaingiza mtaimbo kwenye mikono ya chini na kuitikisa. Bushi zilikuwa zimepasuka. Shokapu ya bei yoyote juu ya bushi iliyokufa, alisema, ni sawa na kumnunulia miwani mtu aliyefumba macho.

Shokapu alizozichagua zilikuwa mpya, zenye gesi ndani, maana mafuta yakipata moto kwenye mzunguko hutoa povu, na povu halizuii kitu. Gesi huyabana yasitoke povu kwa urahisi. Springi alitaka ngumu kidogo tu kuliko za kiwandani, na urefu ubaki ule ule. Hapo nilibishana naye, lazima nikiri, kwa sababu nililipenda gari likiwa chini. Hakupandisha sauti. Alinichukua mpaka kwenye tuta lililo karibu na gereji, akachutama, akanionyesha mikwaruzo juu yake, mipya na ya zamani, mistari myeupe kwenye lami. "Hawa wote walipenda magari yao," alisema.

Stabilaiza ilituchukua muda zaidi. Ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Nene zaidi hupunguza kulala, na kwenye lami tambarare ni neema. Lakini kwenye kifusi gurudumu moja likiingia shimoni humvuta na mwenzake. Ya mbele akaiacha ilivyo. Ya nyuma akaweka nene kidogo, kwa sababu gari langu lilikuwa na tabia ya kusukuma pua nje ya kona, na nyuma pakikaza pua huingia. Mwisho alaimenti, yaani kuyapanga magurudumu yakae sawa, ambayo hamwamini mtu kumfanyia. Huenda mwenyewe na gari mpaka kwenye mashine na kusimama hapo. Kwa siku za mbio aliniachia kitu kimoja tu cha kubadilisha: upepo wa matairi, niupime asubuhi kabla ya mzunguko wa kwanza na tena tairi zikiwa za moto, niandike.

Safari iliyofuata ya Uganda sikushinda. Wapo waliokuwa na kasi kuliko mimi. Lakini kwenye sehemu ya vumbi lililokunjamana, ambako zamani ningeinua mguu, gari lilitulia chini yangu, nikaweza kutazama kona inayokuja badala ya ile niliyomo. Nikarudi usiku huo huo, nikapita Kyaka, Bukoba, nikashuka hadi Muleba, na mwenzangu wa kiti cha pembeni hakuamka kwenye tuta hata moja.

Nilipompelekea fundi habari, hakuuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza kama tairi zimeliwa sawa. Kisha akamwita kijana mgeni, mwanagenzi wa wiki moja, mwenye ovaroli inayomzidi. Akatoa uvunguni mwa meza ile shokapu yangu ya zamani, akaisimamisha juu ya tofali. "Sukuma taratibu," alimwambia. Kijana akasukuma. "Sasa kwa nguvu." Mkono wa kijana ukagoma katikati, akageuka kututazama.