Dakika 20 kabla ya mpira: somo kutoka Lagos

Msimu wa 2012/2013, timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, ziligawanywa kwa kura. Kumi ziliendelea kupasha misuli kama zilivyozoea. Kumi nyingine zilipewa FIFA 11+, programu ya dakika 20, zikatakiwa kuifanya angalau mara mbili kwa wiki. Wachezaji walikuwa 416, wavulana wa miaka 14 hadi 19. Ndani ya miezi sita, kiwango cha majeraha katika timu zilizopewa programu kilikuwa chini kwa asilimia 41 kuliko kwa wenzao. Cha majeraha ya miguu kilikuwa chini kwa asilimia 48.

Vifaa vyenyewe ni koni, mpira na mwenzako. Ndiyo maana habari hii inatuhusu sisi tunaofundisha kwenye viwanja vya mchangani.

Mazoezi ni 15, sehemu tatu. Dakika nane za kwanza ni kukimbia taratibu kati ya koni, ukifungua nyonga, ukimzunguka mwenzako, ukiruka mkagusana mabega. Dakika mbili za mwisho ni mbio za kasi na kubadili mwelekeo ghafla. Kazi yenyewe iko kwenye dakika kumi za katikati: nguvu, mizani na kuruka.

Chukua zoezi la msuli wa nyuma ya paja. Mchezaji anapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzake anamshika vifundo vya miguu na kuvikandamiza chini. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia mabegani hadi magotini, anajiinamisha mbele polepole, akijizuia kwa msuli huo hadi ushindwe, kisha anadaka ardhi kwa mikono. Anayeanza hufanya mara tatu hadi tano tu, na zinamtosha kabisa. Winga anapokimbia kwa kasi, msuli huu huchanika zaidi pale mguu unaporushwa mbele, kabla haujakanyaga: unavutwa huku ukijaribu kufunga breki. Zoezi linaufundisha kazi hiyohiyo, ndiyo maana kuinama na kugusa vidole vya miguu hakuwezi kuchukua nafasi yake.

Halafu kuna kuruka na kutua. Hapa kocha anapaswa kusimama mbele ya mchezaji, macho yake kwenye goti. Nyonga, goti na unyayo vikae kwenye mstari mmoja. Goti likiingia ndani, zoezi limeharibika hata kama kijana ameruka juu sana. Kano ya mbele ya goti, ile ya ACL, mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu, katika kutua au kugeuka kwa namna hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, siri ya programu hii ni jicho la kocha zaidi ya jasho la mchezaji. Mazoezi ya katikati yana ngazi tatu, na kijana hupanda anapoweza kulifanya zoezi kwa usahihi. Kocha anayewazungusha watoto uwanja mara tano huku anaongea na simu amewapasha moto, lakini hajawafundisha kutua. Naumia ninapoona hilo, kwa sababu watoto hao wako katika umri ambao miguu inarefuka haraka kuliko wanavyojifunza kuitawala.

Norway walikuwa wameijaribu programu hii mapema zaidi, kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Tusitie chumvi: kwa majeraha ya miguu kwa ujumla, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka ya kitakwimu. Yaliyopungua waziwazi ni majeraha makubwa na yale yatokanayo na kuutumikisha mwili kupita kiasi. Na walioifanya mara nyingi zaidi waliumia mara chache zaidi.

Hilo la mwisho linagusa mashindano yetu ya shule hapa Tanzania, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kuianza programu kambini, siku chache kabla ya mechi, ni kuchelewa. Nguvu na mizani hujengwa kwa wiki nyingi. Ianzie shuleni, mwanzoni mwa muhula, chini ya mwalimu wa michezo. Siku ya mechi yabaki mazoezi ya kukimbia tu, sehemu ya kwanza na ya tatu, ili vijana waingie uwanjani na miguu isiyochoka.